Sahani ya Siku ya Nne

Ninyi mnaovaa koti jeupe la maabara kwa mara ya kwanza mwaka huu, nianze na jambo ambalo wastaafu wengi hawalisemi: nawaonea wivu. Nina miaka arobaini na saba, natembea kutoka daraja la Turkwel hadi katikati ya Lodwar bila kupumzika, na kazi yangu imekwisha. Iliisha wakati sahani zilizotengenezwa tayari zilipoanza kuja kwa katoni kutoka Nairobi, zimefungwa vizuri kwa plastiki, zote sawasawa. Mkuu mpya aliniuliza kwa adabu kama ningependa kuhamia chumba cha mafaili. Nikasema nitafikiria. Kesho yake nilikuwa Lokichoggio, mwezi uliofuata nilikuwa Kalokol nikitazama watu wakishusha samaki, na tangu hapo sijakaa mahali miezi mitatu mfululizo. Lakini nikirudi Lodwar na kupita karibu na dirisha la maabara, miguu hupunguza mwendo yenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuwapikia bakteria chakula. Sikusoma chuo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kuosha vyombo, na mkuu wetu wa zamani, Bwana Barasa, mtu wa Bungoma mwenye sauti ya mhubiri, akanivuta kutoka kwenye sinki hadi kwenye meza. Tulitumia sahani ndogo za kioo zenye vifuniko. Unapika uji maalumu unaoganda kama jeli, unachanganya na damu, unamwaga kwenye sahani. Mgonjwa akiwa na usaha, unapaka kidogo juu ya jeli hiyo, unaiweka sahani kwenye inkubeta, yaani kabati lenye joto kama la mwili wa mtu, na kesho yake bakteria wameota vidoa unavyoviona kwa macho. Kila kidoa ni ukoo mzima uliotoka kwa mmoja.

Sikilizeni ufundi wenyewe, maana hakuna atakayewaambia tena. Usimwage damu kabla uji haujapoa. Shika chupa, iweke shavuni. Ukiweza kuivumilia huku ukihesabu polepole mpaka kumi, mwaga. Hapa Lodwar chupa haipoi haraka, na mwenye papara huiivisha damu, sahani zote zikawa za rangi ya chokoleti. Nilifanya hivyo mara nyingi nikiwa mgeni. Hata hizo msizitupe, wapo bakteria wanaozipenda kuliko nyekundu.

Damu yenyewe iwe ya kondoo. Yetu ilitoka kwa mama mmoja aitwaye Nakiru, aliyefuga ng'ambo ya mto Kawalase. Nilikuwa nikienda na chupa yenye shanga za kioo ndani, natoa damu shingoni mwa kondoo, halafu naitikisa chupa ili damu isigande. Siku ya kwanza Nakiru alicheka mpaka akakaa chini.

“Unatingisha kama mtu anaogopa,” akasema. “Lete kijiti ukoroge.”

Sisi Waturkana wote tumekua tukiona damu ikikorogwa kwa kijiti kabla ya kunywewa, nyuzi zinajizungusha kwenye kijiti, damu inabaki laini. Nikamwambia kijiti si kisafi.

“Kwani sisi tumekufa?”

Nikaendelea kutikisa.

Kuna wiki sahani zetu zote zilikataa kuotesha. Usaha wa kila mgonjwa, sahani tupu. Bwana Barasa alilaumu inkubeta, akalaumu maji, akanilaumu mimi. Nikaenda kwa Nakiru, nikamuuliza kondoo tuliyemtoa damu alikuwa na hali gani.

“Alikuwa anakohoa. Nikamdunga sindano.”

“Sindano gani?”

“Ile ya njano.”

Ilikuwa dawa ya kuua bakteria, ile wafugaji hununua dukani. Ilikuwa bado kwenye damu ya kondoo, nasi tukaimwaga kwenye sahani zetu wenyewe, halafu tukashangaa mbona bakteria hawaoti. Bwana Barasa alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema, “Ewoi ana jicho.” Ewoi ni mimi. Maneno hayo matatu niliyaishi miaka. Nilikuwa nikiamka nayo.

Ndiyo maana nilichukia siku aliposema maneno yale yale juu ya mtu mwingine.

Mtu huyo aliitwa Mapendo. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mkimbizi, anayefanya kazi katika maabara ndogo ya zahanati iliyo kambini Kakuma. Kwao alisomea kazi hii, lakini vyeti vyake havikutambuliwa hapa, kwa hiyo alipewa posho tu na cheo cha msaidizi. Kila wiki nilipanda basi na katoni ya sahani mpya magotini, namkabidhi, narudi Lodwar na sampuli zilizohitaji vipimo vikubwa. Yeye hakuweza kutoka kambini bila kibali. Msafiri nilikuwa mimi, na nilipenda iwe hivyo.

Mara ya kwanza aliinua sahani yangu kwenye mwanga wa dirisha akaigeuza-geuza.

“Hii ni wewe unatengenezaka?”

“Ni mimi.”

“Iko muzuri. Lakini uko na haraka, papa.”

“Haraka gani?”

“Hapa pembeni iko nyembamba. Ulimwanga mbio.”

Alikuwa amesema kweli, na hakuna kinachouma kama hicho. Wiki chache baadaye Bwana Barasa alipitia majibu ya Kakuma, akavua miwani, akasema, “Yule mama ana jicho.” Alasiri hiyo nilivunja sahani mbili nikiosha. Tangu siku hiyo, nikipanga katoni ya Kakuma, nilimchagulia zile zenye mapovu. Alizipokea, akashukuru, akasema zenye mapovu ni nzuri za kufundishia. Nikachukia zaidi.

Sasa niwaambie juu ya mguu.

Nakiru alikuwa na mwana wa kiume, Ekal, mtu mzima wa kama miaka ishirini na mitano. Lori lilimgonga kwenye barabara ya Kakuma, mfupa wa muundi ukavunjika, akawekewa chuma ndani. Mfupa uliunga, lakini karibu na kovu pakabaki kitundu kinachotoa usaha. Akipewa dawa kitundu kinakauka, anarudi kwa mifugo, baada ya miezi miwili kinafunguka tena. Alidungwa dawa iitwayo gentamaisini siku nyingi, ikawa hivyo hivyo. Mara mbili usaha wake uliletwa kwetu Lodwar, na mara mbili niliandika kwenye daftari: Hakuna kilichoota.

Sahani za kioo zilikuwa chache, kwa hiyo nilikuwa na sheria yangu. Isiyoota kufikia siku ya pili inaingia kwenye sufuria ya mvuke, inayoua kila kilicho hai, inaoshwa, inarudi kazini. Bwana Barasa aliikubali sheria hiyo. Rafu yangu ilikuwa safi kuliko zote.

Ekal alikuwa akikaa kwa mjomba wake Kakuma, na safari ya tatu ni Mapendo aliyempima. Alichukua usaha wa ndani kabisa, akapaka kwenye sahani mbili. Moja akabaki nayo, nyingine akanipa niilete Lodwar ipimwe kwa dawa. Kwenye kifuniko alibandika karatasi: Usitupe. Angalia siku ya tatu na ya ine.

“Siku ya nne?” nikamuuliza. “Bakteria gani anahitaji siku nne?”

“Ule mwenye kuchoka,” akasema.

Alinieleza, na mimi nikasikiliza kwa sikio moja nikitazama basi. Nawaeleza vile nilivyoelewa baadaye. Yuko bakteria wa kawaida wa majipu na mifupa, mnamjua, anaota usiku mmoja, vidoa vinene vya rangi ya dhahabu. Katika ukoo huo huo hutokea wachache waliopungukiwa kitu, hawawezi kutengeneza nguvu kama wenzao. Hula kidogo, huzaana polepole sana. Hapo ndipo wanapotushinda. Dawa nyingi humpiga bakteria anayekula na kuongezeka, na gentamaisini huingia ndani ya bakteria pale tu anapokuwa na nguvu ya kuivuta. Huyu haivuti. Anajibanza kwenye chuma, anaingia hata ndani ya seli za mgonjwa, anakaa kimya mpaka dawa ziishe. Kisha ugonjwa unaamka, nasi tunasema mgonjwa hakumaliza dozi. Ekal aliambiwa hivyo mara mbili, na alikuwa amemeza kila kidonge.

Nilifika Lodwar, nikaiweka sahani kwenye inkubeta. Siku ya pili nikaitoa, nikaiinamisha dirishani.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Niliona. Kulikuwa na kitu kama vumbi la unga, vitone vyeupe vidogo kuliko ncha ya sindano, vimefuata mstari alipopaka. Vumbi la kweli halifuati mstari. Nilijua hivyo, mimi niliyefumbua kisa cha kondoo. Nikawaza Bwana Barasa akiingia, akivua miwani, akisema maneno yale kwa mara nyingine juu ya mtu asiyekuwa mimi. Nikabandua karatasi yake, nikaitia sahani kwenye sufuria ya mvuke, nikawasha.

Nikajipa sababu, bila shaka. Nilijiambia ni uchafu wa Kakuma, kule upepo hauachi kitu, ama kondoo amedungwa tena.

Siku mbili baadaye Mapendo akapiga simu.

“Leo ni siku ya ine. Uliona?”

“Hakuna kilichoota.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Akasema, “Sawa, papa.”

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, nilienda kutoa damu kwa Nakiru. Alikuwa ameshamshika kondoo, amemlaza, ananingoja. Tulisalimiana, ejok, ejok, nikaanza kutafuta mshipa. Akaniambia bila kunitazama kwamba Ekal ameletwa hospitali yetu, na daktari wa mifupa anayekuja kwa zamu atamkata mguu Jumatatu.

“Wanakata wapi?” nikauliza.

“Juu ya goti. Wamesema maabara imetafuta mara tatu, haijaona mdudu. Dawa ya kumpa hawaijui, na mfupa unaoza.” Kisha akaniangalia. “Wewe ndio uliangalia?”

“Ndiyo.”

“Basi nimetulia. Nilidhani ni mtu mwingine.”

Ekal alikuwa mchungaji. Kwa mtu wa ofisini mguu mmoja ni shida kubwa. Kwa mtu anayefuata kondoo kutoka maji hadi maji, ni mwisho wa kazi yote anayoijua. Nilitikisa chupa yangu muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nikaipeleka damu maabara, nikaiweka kwenye friji, nikaenda moja kwa moja kwenye basi la Kakuma. Sikumuaga Bwana Barasa.

Mapendo alikuwa akiosha mikono niliposimama mlangoni. Aliniona sina katoni.

“Umekuja na mikono mitupu.”

“Ile sahani niliitupa,” nikasema. “Siku ya pili.”

“Ninajua.”

“Nani alikuambia?”

“Wewe. Mutu anayetafuta kitu na hakioni, anasemaka mingi. Wewe ulisema maneno mawili.” Akajifuta mikono. “Njoo.”

Alifungua inkubeta yake, kijisanduku cha zamani kilichozibwa mlango kwa kitambaa, akatoa sahani ya pili. Haikuwa na mapovu. Sijui ilipitaje mikononi mwangu. Vitone vilikuwa pale, sasa vikubwa kidogo, vya kijivu, bila rangi ya dhahabu. Akanionyesha jinsi ya kuinamisha sahani mpaka mwanga ukate juu yake kutoka upande, maana ukiitazama kutoka juu huoni kitu. Halafu akatoa sahani nyingine. Hapo alikuwa amepaka wale wadogo kila mahali, na katikati akapiga mstari mmoja wa bakteria mwingine mwenye afya. Kando ya mstari, wale wadogo walikuwa wamenenepa. Mbali na mstari walibaki vumbi.

“Wanakula kwa jirani,” akasema. “Ile kitu wanakosa, huyu anamwanga, wanaokota. Uchafu haufanyake hivi.”

Pia alikuwa amefanya kipimo cha plazma, yale maji ya damu ambayo bakteria wa majipu huyagandisha. Mimi nilikuwa nikikisoma baada ya saa nne na kukimwaga. Chake alikiacha mpaka kesho yake, na kiliganda. Ndiye yule yule bakteria wa majipu, isipokuwa amechoka.

Nikamweleza kwamba Ekal atakatwa mguu Jumatatu, kisha nikamuuliza kama amekasirika. Aliifunga sahani kwa utepe, akaandika juu yake, akaniwekea kwenye katoni.

“Nitakasirika Jumatatu, kama mmechelewa,” akasema. “Beba wima.”

Jumamosi asubuhi niliweka sahani mbele ya Bwana Barasa, nikamweleza yote, na yale ya kwenye sufuria. Hakupaza sauti. Mtu wa sauti kubwa akisema polepole ni vibaya zaidi.

“Ulifikiri ni uchafu?”

“Hapana, mzee. Nilijua.”

“Basi kwa nini?”

“Kwa sababu ni yeye aliyeona.”

Akasema, “Kijana, mimi nilikusifu mara moja, wewe ukajenga nyumba juu yake.” Akachukua sahani akaenda kumtafuta daktari.

Jumatatu daktari hakukata. Alifungua mguu, akatoa chuma, akakwangua mfupa wote uliokufa, akasema kukata kutasubiri majibu ya dawa. Tulipima taratibu, kwa siku nyingi kuliko kawaida, kwa sababu wale bakteria hawaharakishwi. Gentamaisini haikuwafanya kitu. Nyingine mbili ziliwaweza, na Ekal akazinywa miezi. Bwana Barasa alininyang'anya ufunguo wa inkubeta mwezi mzima, na akabandika sheria mpya ukutani: usaha wa mfupa, na wa mtu yeyote mwenye chuma mwilini, sahani isitolewe kabla ya wiki kwisha. Kama bado iko ukutani kwenu, sasa mnajua ilitoka wapi. Kitundu kilifunga. Miezi miwili ikapita, minne, hakikufunguka.

Mngedhani wivu uliisha hapo. Haukuisha.

Nakiru alichinja. Aliniita nyumbani, akachukua kinyesi kibichi cha tumboni mwa mnyama kama tunavyobariki, akanipaka kifuani na kwenye paji la uso mbele ya watu wake, akinitaja kwa jina la mtu aliyeuona ugonjwa wa mwanawe. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na kinywa. Nilisimama nikapakwa, nikala nyama, nikarudi nyumbani na harufu ile shatini. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda Lodwar na Kakuma kila wiki. Neno lolote kati ya mama yule na Mapendo lilipaswa kupitia kwangu, na halikupita.

Mapendo aliniuliza mara moja tu, nikipanga sampuli. “Mama ya ule kijana, anasema nini?”

“Anashukuru,” nikasema.

“Ni vizuri.”

Ekal ndiye aliyenikamata, bila kujua. Alikuja maabara kuchukua karatasi zake, akiegemea fimbo, akakaa kwenye benchi ya nje akanitaka nimweleze.

“Hao wadudu ulionaje, na wengine hawakuona?”

Nikaanza. Nikamwambia unainamisha sahani mpaka mwanga uje kutoka upande. Nikamwonyesha kwa mikono, na nikiwa katikati nikatambua naigiza mikono ya Mapendo, jinsi anavyobana vidole gumba pembeni. Nikaishusha mikono.

“Si mimi,” nikamwambia. “Ni mwanamke wa Kakuma, Mkongo, yuko zahanati ya kambini. Mimi niliwatupa. Ningeachiwa mimi, ungekatwa.”

Hakunitukana. Aliangalia mguu wake, akaangalia barabara.

“Anaitwa nani?”

“Mapendo.”

“Mama anajua?”

“Hajui.”

“Nitamwambia. Hatapenda.” Akainuka. “Na huyo nitaenda kumwona.”

“Kesho kuna basi. Twende pamoja, nakupeleka mpaka mlangoni.”

“Basi la nini?” akasema. “Nitaenda na mguu.”

Nilimwambia ni mbali, ni jua, mfupa bado mchanga. Akaniambia kwa upole kwamba nimeshasema mengi juu ya mguu huo. Aliondoka na fimbo na kibuyu cha maji, akilala kwa ndugu zake waliotapakaa njiani. Mama yake hakunipa damu ya kondoo kwa muda mrefu. Ikabidi nitembee mbali zaidi kuitafuta, na nilistahili.

Siku ya tano tangu Ekal aondoke, karibu saa sita mchana, simu yangu ililia nikiwa nje ya maabara nikianika vifuniko.

“Papa Ewoi,” Mapendo akasema. “Huku iko mutu anasema mguu wake ni wa kwangu.”

“Amefika?”

“Amefika. Nimemwambia atoke mulango mpaka kwenye tangi ya maji, na arudi. Niko namwangalia.” Akaongeza, “Mimi nilikuwa najua ule mguu kwenye sahani tu.”

“Anachechemea?”

“Kidogo.”

“Kovu limefunga? Halina unyevu?”

Nilimsikia akimwambia Ekal, mbali na simu, “Tena,” na fimbo ikaanguka chini, na watu kadhaa wakacheka kwa furaha. Nikaita jina lake mara mbili. Alikuwa ameisahau simu mkononi.

Nimezunguka sana tangu wakati huo, mpaka mpakani na kurudi. Naweza kuwaonyesha hata leo jinsi ya kuinamisha sahani, nimewafundisha wengi. Lakini mwendo ule, kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji na kurudi, waliuona waliokuwepo. Mimi nilisimama Lodwar na simu sikioni, nikisikiliza watu wengine wakitazama.